Chaneli ya Tatu

Saa kumi na mbili unusu ghala la Wete bado lina giza.
Napachika betri nne, napangusa sahani nne
kwa kipande cha kanga kuukuu,
nasimama katikati na kidude mkononi, nabonyeza:
moja, mbili, tatu, nne.
Kila chaneli inaitika kwa sifuri yake.

Waya hakuna. Wenye karafuu hukagua sakafu
watafute namba inapopitia.
"Inaruka hewani," nawaambia.
"Kama dua?"
"Kama dua, ila hii hujibiwa papo hapo."
Astaghfirullahi. Nikajirudi.

Baba yangu alikuwa mtunzi. Kwake mizani ni silabi,
nane kwa nane, akizigonga ukutani kwa ukucha.
Mshororo ukipungua silabi moja, alisema,
umemwibia msomaji.
Ubeti wake mmoja nimeubandika juu ya meza,
karatasi imeshageuka rangi ya makonyo:

    Nipimie kwa mizani, usinipime kwa jicho
    Jicho lina ushetani, huongeza lipendacho
    Hupunguza kwa jirani, hata kile alonacho
    Kiweke hapo sahani, kweli haina kificho

Saa nne akaja Bi Hidaya Ngwali wa Mtambwe,
polo lake juu ya baiskeli ya mjukuu.
Chaneli ya tatu. Kidude kikasema
thelathini na moja nukta nne.
"Sivyo," akasema. Hakupaza sauti.
"Mie nimepima kwa pishi, usiku, peke yangu,
kila pishi nimeikung'uta mara tatu.
Thelathini na mbili, na kijuujuu.
Redio yako hiyo siijui. Pishi yangu naijua."

Foleni ikaguna. Nikalihamishia polo chaneli ya kwanza.
Thelathini na mbili nukta moja.

Nikatoa jiwe la kupimia, chuma cha kilo ishirini,
nikalitua juu ya tatu, taratibu, kama mtoto aliyelala:
kumi na tisa nukta sita.
Nikaliondoa. Sifuri.
Nikalirudisha. Kumi na tisa nukta sita.

Kumbe ikiwa tupu ilisema kweli.
Uongo wake ulikuwa ukingoja mzigo.

Tukaipindua sahani, mimi na Faki mpakizi.
Kati ya bamba na fremu, kijiwe,
mfano wa punje ya choroko,
kimekwama kwenye tope la karafuu mbichi,
kinasaidia kubeba
bila ya kuombwa na mtu.

Bwana Msellem akatoka ofisini na kikombe chake.
"Gramu hizo zingeliwa na jua hata hivyo.
Safisha, endelea. Watu wanangoja."
Ni kweli wanangoja.
Lakini kidude kina kumbukumbu, nami nina kidole:
nikabonyeza, chaneli ya tatu, tangu asubuhi.
Ishirini na watatu.

Karafuu zao zimeshamwagwa, chungu moja, nyekundu,
hakuna anayeweza kuniambia
ipi ya Khatib Shehe na ipi ya Mafunda.
Limebaki jina na namba.
Nikavuta daftari, si mashine, peni:
kwa kila ishirini, nukta nne za kurudisha.
Wengine wako bado uwanjani wananunua mofa.
Wengine wameshafika Kangagani.
Msellem hakusema ndiyo. Alikunywa chai yake
akaacha mlango wazi.

Bi Hidaya alikuwa keshalipwa
lakini alikalia polo lake tupu, ananitazama naandika,
midomo inacheza, anahesabu pamoja nami.

"Na kijiwe?" akauliza nilipofika jina la kumi na moja.
Nikakitoa mfukoni. Nikakiweka juu ya chaneli ya nne,
katikati kabisa, nikangoja namba itulie.

Sifuri nukta sifuri.

Akainuka kuja kujionea.